Kabla ya James Meredith: Medgar Evers na mlango wa Chuo Kikuu cha Mississippi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Katika kikundi chetu cha kusoma historia hapa Morogoro tumebishana mpaka tumechoka. Mwenzangu anasema aliyevunja ubaguzi katika Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani, ni James Meredith, basi, na kwamba Medgar Evers anatajwa kwa sababu tu aliuawa. Mimi nilisoma mahali kwamba Evers aliomba nafasi chuoni hapo miaka mingi kabla ya Meredith. Sasa, Evers alifanya nini hasa? Kama alitangulia kuomba, kwa nini hakuipigania nafasi yake mahakamani? Na hili la kwamba alimpa mwanawe jina la Kenyatta ni kweli, au ni hadithi za mitandaoni?

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi kwa jambo moja: aliyejiandikisha na kuingia darasani tarehe 1 Oktoba 1962 ni James Meredith, na hakuna wa kumnyang'anya hilo. Ila hapo pa kusema Evers anatajwa kwa kuwa aliuawa, hapo amepotoka. Evers aliishi na shauri la chuo kile kwa zaidi ya miaka tisa, tangu Januari 1954 hadi usiku alipopigwa risasi Juni 1963. Alianza kama mwombaji aliyekataliwa. Akawa msemaji wa waombaji waliofungwa jela. Mwisho akawa kiungo kati ya Meredith na mawakili waliomshindia kesi. Kazi yake nyingi ilikuwa ya aina isiyopigwa picha: simu, barua, kuendesha gari usiku, kulaza wageni nyumbani. Ndiyo maana picha zote za mwaka 1962 zina Meredith katikati na Evers hayumo.

Tuanze na mtu mwenyewe. Medgar Wiley Evers alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika mji mdogo wa Decatur, Mississippi. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana, akaenda Ulaya na jeshi la Marekani katika kikosi cha weusi cha kupakua na kusafirisha mizigo. Aliporudi, siku aliyotimiza miaka 21, yaani tarehe 2 Julai 1946, yeye na kaka yake Charles na vijana wenzao wachache walikwenda kwenye jengo la mahakama la Decatur kupiga kura. Wakakuta wazungu wenye silaha wanawangoja. Walirudi nyumbani bila kupiga kura. Askari wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, waliorudi kutoka vitani Burma wangemwelewa bila kuhitaji mkalimani.

Akasoma Alcorn, chuo cha serikali cha weusi, akamuoa Myrlie Beasley, akamaliza mwaka 1952. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza bima katika eneo la Delta, nchi tambarare ya mashamba ya pamba kaskazini-magharibi mwa jimbo, akiwa na makao Mound Bayou, mji ulioanzishwa na weusi wenyewe. Kazi ile ilimwingiza kwenye vibanda vya wakulima waliolima shamba la mtu mwingine kwa mgawo wa mavuno na kila mwaka wakamaliza msimu wakiwa na deni. Bosi wake, daktari T.R.M. Howard, alikuwa pia kiongozi wa harakati za pale. Chini yake Evers alishiriki kugawa vibandiko vya kuwaambia weusi wasinunue petroli kwenye vituo ambavyo haviwaruhusu kutumia choo. Linaonekana jambo dogo, lakini ilikuwa shule nzuri: unashika sheria moja ya kipuuzi, unailazimisha ijieleze hadharani.

Sasa tufike chuoni. Rais wa tawi la NAACP jimboni, daktari wa meno aitwaye E.J. Stringer, alitafuta mtu wa kujitolea kuomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Mississippi kilichoko mji wa Oxford. (NAACP ni chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, kilichoanzishwa 1909.) Evers akajitolea. Januari 1954 akapeleka maombi katika kitivo cha sheria.

Kwa nini sheria? Wanafunzi wengi huruka swali hili. Tangu 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekubali utengano wa rangi kwa sharti kwamba huduma za pande mbili ziwe sawa. Mawakili wa NAACP hawakushambulia sharti hilo kwenye shule za msingi kwanza. Walianzia pale ambapo uongo wake ulikuwa uchi. Jimbo lingeweza kujenga shule mbovu ya msingi ya weusi na kudai ni sawa na ya wazungu. Lakini kitivo cha sheria cha weusi majimbo mengi hayakuwa nacho kabisa. Mwaka 1938 walishinda dhidi ya Missouri: mahakama ikasema jimbo haliwezi kumlipia mwanafunzi mweusi akasome jimbo jingine kisha likadai limetimiza wajibu. Mwaka 1950 wakashinda dhidi ya Texas, iliyokuwa imeanzisha haraka haraka shule ya sheria ya weusi ili kumzuia mtu mmoja, Heman Sweatt. Mississippi haikuwa hata na shule ya kubabaishia. Kwa hiyo Evers hakuwa amebahatisha. Alilenga ubao uliooza.

Viongozi wa jimbo walilijua hilo. Walimwita kwenye mahojiano, naye mwanasheria mkuu wa jimbo, J.P. Coleman, akataka kujua angelala wapi na kula wapi. Myrlie Evers amesimulia jibu la mumewe: kwamba angelala bwenini na kula pamoja na wanafunzi wengine, na akawahakikishia kwamba yeye huoga kila mara na rangi yake ya kahawia haiambukizi nguo za mtu. Ukimya uliofuata mle ndani unaweza kuukisia mwenyewe.

Tarehe 17 Mei 1954, maombi yake yakiwa bado mezani, Mahakama Kuu ikatoa hukumu ya Brown iliyofuta utengano katika shule za umma. Mississippi ikajibu kwa njia mbili. Mwezi Julai wazungu wenye nafasi zao, wenye benki, mawakili, wenye mashamba, wakaunda Baraza la Raia katika mji wa Indianola ili kuwabana kiuchumi weusi watakaothubutu kudai. Na mwezi Septemba chuo kikamkataa Evers. Sababu? Barua zake za udhamini. Zilitoka kwa wazungu wa kwao Decatur, ilhali yeye alikuwa anaishi Mound Bayou. Si alama, si rangi. Barua.

Hawakuishia hapo. Miezi michache tu baada ya Brown, bodi ya vyuo ya jimbo ilipitisha kanuni mpya: kila mwombaji alete barua za udhamini kutoka kwa watu waliohitimu katika chuo kinachoombwa. Hebu itazame kanuni hiyo vizuri. Haitaji rangi popote. Lakini wahitimu wote walikuwa wazungu, na mzungu wa Mississippi wa mwaka 1954 ambaye angetia saini barua ya kumdhamini mweusi angepoteza kazi, wateja, pengine na nyumba. Wakaweka kizuizi kisicho na jina la mtu, ila kila mtu alijua kimewekewa nani. Kishike kizuizi hiki, tutakutana nacho tena mbele ya majaji.

Hapa ndipo swali lako la pili linapoingia: kwa nini Evers hakwenda mahakamani? Jibu fupi ni kwamba NAACP ilimwona ana faida zaidi kwingine. Badala ya kumfanya mlalamikaji, walimpa ajira: mwishoni mwa 1954 aliteuliwa kuwa mtendaji wao wa kwanza wa kudumu katika Mississippi, na Januari 1955 ofisi ikafunguliwa Jackson, mji mkuu wa jimbo, Myrlie akiwa katibu wake. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa na gharama na ulikuwa na akili. Gharama ni kwamba mlango ulibaki umefungwa miaka minane zaidi. Akili ni kwamba kesi moja ya chuo bila mtu wa kuzunguka jimbo zima ingekuwa sauti ya mtu mmoja nyikani. Mwaka huohuo wa 1955 wazungu walipomuua Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, huko Mississippi, ni Evers na wenzake waliovaa nguo za wachuma pamba na kuingia mashambani kutafuta mashahidi. Mtu aliyekaa Oxford akisoma sheria za mikataba asingeweza kufanya hivyo.

Kati ya 1954 na 1961 kuna watu wawili ambao vitabu vingi huwapitia mbio. Wa kwanza ni Clennon King, mwalimu wa Alcorn, aliyekwenda Oxford mwaka 1958 kujiandikisha kwa masomo ya juu ya kipindi cha kiangazi. Walimkamata na kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Mantiki yao ilikuwa nyepesi: mweusi anayedhani atasoma Oxford lazima ana wazimu. Alikaa humo siku kadhaa mpaka madaktari walipomwachia.

Wa pili ndiye anayenikereketa zaidi. Clyde Kennard alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyepigana Korea na kusoma Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1955 alirudi kwao Hattiesburg kumsaidia mama yake kuendesha shamba la kuku, akataka kumalizia shahada katika chuo kilichokuwa karibu na nyumbani, Mississippi Southern. Hakuwa na kelele. Aliandika barua ndefu za adabu kwenye gazeti la mjini akieleza kwa nini utengano ni hasara kwa wote. Alipoomba tena mwaka 1959, rais wa chuo alimwita kwa mazungumzo; alipotoka, polisi wakamkamata kwa kuendesha gari ovyo na wakadai wamekuta pombe kali garini, katika jimbo ambalo bado lilikuwa limepiga marufuku pombe. Kennard hakuwa mnywaji.

Hakukoma. Septemba 1960 wakamkamata tena, safari hii kwa madai kwamba alimtuma kijana aibe chakula cha kuku chenye thamani ya dola 25. Juri la wazungu watupu lilitumia kama dakika kumi kumtia hatiani. Miaka saba, gereza la Parchman. Kijana aliyekiri kwamba ndiye aliyeiba akaachiwa akarudi nyumbani.

Evers alitoa taarifa kwa vyombo vya habari akiita hukumu ile dhihaka kwa haki. Kwa maneno hayo naye akashtakiwa kwa kuidharau mahakama, akahukumiwa siku 30 na faini ya dola 100, hukumu ambayo Mahakama Kuu ya jimbo ilikuja kuitengua. Aliendelea kumpigania Kennard hata alipougua saratani ya utumbo gerezani na kurudishwa kulima akiwa mgonjwa. Myrlie anakumbuka kwamba mumewe, mtu ambaye hakuwa mwepesi wa machozi, alilia jukwaani akijaribu kuwaeleza watu habari za Kennard. Gavana alimwachia mwanzoni mwa 1963 ilipokuwa wazi kwamba anakufa. Alifariki Chicago tarehe 4 Julai mwaka huo. Yule kijana mwizi aliyetoa ushahidi dhidi yake alikuja kukiri kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na mwaka 2006 mahakama ya Hattiesburg ikamsafisha jina.

Nimekaa sana hapa kwa sababu bila Kennard huwezi kuelewa alichokifanya Evers kwa Meredith. Kufikia Januari 1961 Evers alikuwa anajua, mmoja mmoja, namna zote ambazo jimbo lingetumia kummaliza mwombaji: barua, hospitali ya wendawazimu, chupa ya pombe garini, kesi ya kubambikiwa. Yeyote angejitokeza angehitaji wakili tayari kabla hajaweka bahasha posta.

Akajitokeza James Howard Meredith, aliyezaliwa Kosciusko tarehe 25 Juni 1933, akiwa amelitumikia jeshi la anga miaka tisa, sehemu ya muda huo Japani. Alikuwa anasoma Jackson State, chuo cha weusi. Mara tu John Kennedy alipoapishwa, Meredith aliandika Oxford kuomba fomu. Akaenda kwa Evers kutaka ushauri, na Evers akamwelekeza amwandikie Thurgood Marshall, mkuu wa mawakili waliokuwa wakiendesha kesi za NAACP, New York. Barua hiyo ni ya tarehe 29 Januari 1961.

Hapo karibu mambo yaharibike. Marshall alikuwa mtu wa nyaraka. Alitaka vithibitisho kabla ya kutumia fedha na watu kwa mtu asiyemjua. Meredith alikuwa mtu wa kiburi, nasema hivyo kwa kumsifu, na walipozungumza kwa simu nyumbani kwa Evers alihisi anahojiwa kama mwongo, akakata maongezi. Evers alimtuliza, akamshawishi atume karatasi zinazotakiwa. Ukiniuliza dakika ipi katika mkasa huu mzima ilikuwa nyembamba kuliko zote, nitataja hiyo, kuliko usiku wowote wa risasi. Simu ile ingeishia pale, Meredith angebaki mwombaji mwingine asiye na wakili, na tumeshaona mwisho wa waombaji wasio na wakili.

Marshall alimkabidhi kesi Constance Baker Motley, binti wa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, aliyekuwa ametoka kushinda kesi iliyowaingiza wanafunzi wawili weusi Chuo Kikuu cha Georgia Januari hiyohiyo. Shauri lilifunguliwa tarehe 31 Mei 1961. Motley alisafiri kwenda Mississippi mara nyingi, na hoteli za wazungu hazikumpokea. Nyumba za watu kama akina Evers ndizo zilizokuwa hoteli. Evers ndiye aliyemzungusha kwa gari lake, na Motley alisimulia baadaye jinsi polisi walivyokuwa wakiwafuata barabarani. Katika mahakama ya Jackson, ukutani nyuma ya kiti cha jaji, palikuwa na mchoro mkubwa wa maisha ya Mississippi: upande mmoja wazungu wa heshima, upande mwingine weusi wanachuma pamba. Motley alisimama mbele ya mchoro huo siku baada ya siku akimhoji msajili wa chuo kama anajua mwanafunzi yeyote mweusi aliyewahi kusoma pale. Wakamjibu kwamba hawajui, hawaangalii rangi.

Jaji wa wilaya, Sidney Mize, akaamua kwamba chuo hakina ubaguzi. Nakuhakikishia sikutii chumvi. Majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano walikataa kufumba macho hivyo, na hapa ndipo kizuizi cha 1954 kinaporudi. Katika barua yake ya maombi Meredith alisema waziwazi kwamba hawezi kuleta majina ya wahitimu kwa kuwa yeye ni mweusi na wahitimu wote ni wazungu. Chuo kikashikilia upungufu huo. Januari 1962 mahakama ya rufaa, kwa kalamu ya Jaji John Minor Wisdom, ikasema sharti la barua za wahitimu, linapotumika kwa waombaji weusi, linavunja haki ya usawa mbele ya sheria. Kanuni iliyotungwa baada ya Evers kubisha hodi, ili asifuatwe na mwingine, ikafa katika kesi ya mtu aliyepelekwa kwa mawakili na Evers huyohuyo. Mwambie mwenzako alitafakari hilo kabla ya kusema "aliuawa tu".

Tarehe 25 Juni 1962, siku Meredith alipotimiza miaka 29, mahakama hiyo ikaamuru adahiliwe. Wisdom aliandika kwamba Meredith alikuwa mtu mwenye dhamira na tumbo lenye wasiwasi, maana mawakili wa jimbo walikuwa wamechimba mpaka rekodi zake za matibabu jeshini. Jaji mmoja wa rufaa, Ben Cameron, akasimamisha utekelezaji mara nne mfululizo, mpaka Jaji Hugo Black wa Mahakama Kuu ya Marekani, naye mtu wa Kusini kutoka Alabama, akafagia amri zake zote mwezi Septemba.

Vurugu za Septemba nitazipitia haraka kwa kuwa zimeandikwa kila mahali. Gavana Ross Barnett alimzuia Meredith kwa mwili wake mwenyewe, mara moja Oxford na mara moja Jackson, ambako inajulikana kwamba alisimama mbele ya Meredith na maofisa wa kizungu wa serikali kuu akauliza nani kati yao ni Meredith. Usiku wa tarehe 30 Septemba umati ulishambulia mamarshali, yaani maofisa wa serikali kuu wanaotekeleza amri za mahakama, waliolizunguka jengo la utawala la chuo. Zaidi ya mamarshali 160 walijeruhiwa, 28 kwa risasi. Watu wawili walikufa: Paul Guihard, mwandishi wa shirika la habari la Ufaransa, na Ray Gunter, fundi wa mashine za muziki aliyekuja kutazama. Jeshi likaingia. Asubuhi yake, moshi wa mabomu ya machozi ukiwa bado unawasha macho, Meredith alijiandikisha na kwenda kwenye somo lake la kwanza: historia ya Marekani ya enzi za ukoloni.

Wengi wanafunga kitabu hapo. Lakini kuingia kulikuwa nusu ya kazi. Meredith aliishi bwenini akilindwa saa zote. Wanafunzi walidundisha mipira sakafuni juu ya chumba chake usiku. Akikaa mezani kula, wenzake huinuka. Januari 1963 alitangaza kwamba mambo yasipobadilika hatarudi muhula wa pili. Evers alikuwa mmoja wa waliomtia moyo abaki, na alibaki. Fikiria angeondoka: jimbo lingesema, "Mnaona? Tulimpokea, yeye mwenyewe akashindwa."

Na sasa sehemu ambayo husikii ikitajwa. Tarehe 5 Juni 1963 Cleve McDowell, kijana mweusi kutoka Delta, aliingia kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Mississippi kwa amri ya mahakama. Kitivo kilekile kilichomkataa Evers. Wiki moja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni, Evers alipigwa risasi mgongoni akishuka garini mbele ya nyumba yake Jackson, saa chache baada ya Rais Kennedy kuhutubia taifa kuhusu haki za kiraia. Alikuwa na miaka 37. Alifia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Mississippi mjini humo. Muuaji, Byron De La Beckwith, alishtakiwa mara mbili mwaka 1964 na majuri ya wazungu yakashindwa kukubaliana. Barnett, wakati huo gavana aliyekwisha kutoka madarakani, aliingia mahakamani akampa mkono. Beckwith alikuja kutiwa hatiani Februari 1994.

McDowell hakumaliza. Meredith alipohitimu tarehe 18 Agosti 1963, akiwa amevaa kwa kuigeuza juu chini beji ya wabaguzi iliyoandikwa "Kamwe", McDowell alibaki peke yake, bila ulinzi ule wa mamarshali. Alianza kubeba bastola, ikaonekana, akafukuzwa Septemba. Mweusi wa kwanza kumaliza sheria pale ni Reuben Anderson, mwaka 1967, na mwaka 1985 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Mississippi.

Kuhusu hilo neno "wa kwanza" mnalogombania, nikupe la kuchekesha uwapelekee kikundini. Mwaka 1945 na 1946 kijana aitwaye Harry Murphy, mweusi mwenye ngozi nyeupe sana, alisoma Oxford katika mpango wa jeshi la majini baada ya karani kumwandika mzungu. Alikaa, akasoma, akacheza muziki na wasichana wa pale, akaondoka. Alijitangaza mwenyewe Septemba 1962, dunia nzima ikihangaika kama mweusi anaweza kukaa chuoni hapo. Kwa hiyo mkitafuta mweusi wa kwanza kukalia kiti cha darasa, si Meredith wala Evers. Meredith ndiye wa kwanza kuingia akijulikana kuwa ni mweusi, na tofauti hiyo ndiyo iliyoleta jeshi.

Nitaongeza jambo moja la haki kwa upande wa mwenzako. Meredith mwenyewe hajawahi kupenda kuitwa mwanaharakati wa haki za kiraia. Alijiona raia na askari anayedai mali yake, aliyekuwa vitani na jimbo lake. Hakutumwa na Evers wala na NAACP. Wazo la kuomba lilikuwa lake. Ukimfanya Evers kuwa mpangaji aliyemsukuma Meredith kama kete ya bao, utakuwa umekosea upande wa pili. Walikuwa watu wawili wenye vichwa vigumu, kila mmoja na sababu zake, na mmoja alijua njia ya kwenda kwa mawakili.

Mwisho, Kenyatta. Si hadithi ya mitandaoni. Mwana wa kwanza wa Evers alizaliwa mwaka 1953, wakati ambapo magazeti yalijaa habari za Mau Mau na mahakama ya Kapenguria ilikuwa imemfunga Jomo Kenyatta miaka saba mwezi Aprili. Evers alizisoma habari hizo akiwa anazunguka Delta kuuza bima, na kwa muda fulani alijiuliza kama mapambano ya aina hiyo yangewezekana Mississippi. Aliliacha wazo hilo, ingawa Afrika haikumtoka: katika hotuba yake ya televisheni ya tarehe 20 Mei 1963, wiki tatu kabla ya kuuawa, alisema mweusi wa Jackson anajua kwamba Mkongo anaweza kuwa dereva wa treni, ilhali yeye mjini kwake haruhusiwi hata kuendesha gari la taka. Jina la Kenyatta alilitaka liwe la kwanza. Myrlie alihofia maisha ya mtoto mwenye jina hilo katika jimbo lile, na cheti cha kuzaliwa kilipoandikwa akatanguliza jina jingine. Ukimtafuta, basi, usimtafute kwa jina la Kenyatta Evers, humpati. Ameandikwa Darrell Kenyatta Evers.